Wakili Anayeitamani Siasa: Niliyoyaona Sofia

Wadogo zangu mliomaliza sheria, ambao siasa imeshaanza kuwawasha, haya nawaandikia ninyi. Niko Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, tangu 2013. Nilikuja kusoma shahada ya uzamili, nikabaki, na mpaka leo kazi yangu ni kusoma na kutafsiri miswada, hukumu na mikataba katika ofisi ya mawakili. Mjomba wangu alisoma kilimo Plovdiv miaka ya 1980, na ndiye aliyenifundisha herufi zao za Kisirili kabla sijapanda ndege. Siasa ya nchi hii sikuitafuta. Niliikuta mezani, imo ndani ya karatasi ninazolipwa kuzisoma.

Mwaka niliofika ulikuwa wa moto. Tarehe 14 Juni 2013 Bunge lilimchagua Delyan Peevski, mbunge wa miaka 32 mwenye shahada ya sheria, awe mkuu wa shirika la usalama wa taifa. Jioni ileile watu wakamiminika barabarani. Baada ya siku chache Bunge likaufuta uteuzi wenyewe, lakini maandamano hayakukoma. Nilipotua na begi langu miezi mitatu baadaye, kila jioni watu walikuwa bado wanapita juu ya mawe ya njano yaliyotandikwa katikati ya mji, wakipuliza filimbi mbele ya Bunge. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mstaafu, alikuwa akivaa koti na kuchukua filimbi yake iliyoning'inia mlangoni kama anayechukua kikapu cha sokoni.

Mwaka uliofuata ndipo nikaanza kulisikia jina la mwanasheria mwingine, Hristo Ivanov. Nimemfuatilia kwa miaka kumi, kwa kuwa kila alilofanya lilipita kwenye meza yangu likiwa muswada, ibara au hukumu. Njia yake ndiyo nitakayoitumia kuwafundisha, na sikuichagua kwa sababu alifanikiwa kila mahali. Mengine yalimshinda. Nimeichagua kwa sababu kila hatua yake imeandikwa na inasomeka. Na ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: kabla hujaingia kwenye siasa, ujue ni mstari gani ukifutwa utainuka na kuondoka. Uujue kwa namba ya ibara, sio kwa maneno kama haki na uadilifu. Maneno hayo kila mtu anayo.

Agosti 2014 serikali ya mpito ilimteua Ivanov kuwa Waziri wa Sheria. Hakuwa amefikisha miaka 40. Hakuwa mbunge, hakuwa na chama. Alichokuwa nacho ni miaka ya kufanya kazi katika asasi ya kiraia iliyoshughulika na jambo moja tu, yaani jinsi majaji na waendesha mashtaka wanavyochaguliwa, wanavyopandishwa vyeo na nani anawawajibisha. Uchaguzi ulipopita na Boyko Borisov akaunda serikali mpya mwezi Novemba, Ivanov alibakizwa kwenye kiti kilekile. Mapema 2015 Bunge likapitisha mkakati wa kurekebisha mahakama.

Nawaomba mlitazame hilo vizuri. Vijana wengi wananiuliza waanze na chama gani. Swali linalotangulia ni je, kuna jambo gani ambalo ukiamshwa usiku wa manane unaweza kulieleza mpaka namba zake? Kama halipo, bado hujachelewa, lakini nenda kalitafute kwanza. Waziri asiye na faili lake mwenyewe hupewa faili na watumishi aliowakuta, na mwaka unaisha akiwa bado anasaini ya wenzake.

Faili la Ivanov lilikuwa na historia nzito. Desemba 2002 mwendesha mashtaka wa ngazi ya juu, Nikolai Kolev, aliuawa kwa risasi hapa Sofia. Kabla ya hapo alikuwa amemtuhumu hadharani mkuu wake wa kazi, Mwendesha Mashtaka Mkuu. Familia yake ilikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Novemba 2009 ikashinda. Mahakama haikumtia mtu yeyote hatiani kwa mauaji. Ilichosema ni kwamba uchunguzi haukuwa huru, kwa sababu kwa muundo uliokuwepo hakuna aliyeweza kumchunguza Mwendesha Mashtaka Mkuu bila kuwa chini yake. Nilipoitafsiri hukumu hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama nikaenda dirishani. Hoja nzima ilikuwa ya kimuundo, imekaa kwenye ngazi za ofisi, nani anamripoti nani. Na chini ya ngazi hizo kulikuwa na mjane na watoto wanaosubiri miaka saba.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wakili anapokuwa na faida ambayo wanasiasa wengi hawana.

Majaji na waendesha mashtaka wa Bulgaria walikuwa chini ya Baraza Kuu la Mahakama lenye wajumbe 25. Mpango wa 2015 ulikuwa kuligawa vyumba viwili, kimoja cha majaji na kimoja cha waendesha mashtaka, ili Mwendesha Mashtaka Mkuu asiwe na sauti katika kuwapandisha vyeo majaji watakaosikiliza kesi zake. Wazo zuri, na wengi walilikubali. Lakini wazo ni kitu kimoja, na idadi ya viti ndani ya kila chumba ni kitu kingine kabisa.

Tarehe 9 Desemba 2015, dakika za mwisho, idadi hiyo ilibadilishwa ukumbini. Chukueni kalamu. Katika maandishi yaliyopita, chumba cha waendesha mashtaka kina wajumbe 11. Watano wanachaguliwa na Bunge. Wanne wanachaguliwa na waendesha mashtaka, mmoja na wapelelezi wa mahakama, na wa kumi na moja ni Mwendesha Mashtaka Mkuu mwenyewe. Jumlisha wale wa ndani: wanne, mmoja, na mkuu wao. Sita. Sita kati ya 11 ni walio wengi. Yaani mtu ambaye mageuzi yote yalilenga awajibike, ameachiwa chumba ambacho walio chini yake, wakiongeza na kura yake, wanashinda kila wakati. Hakuna hotuba iliyohitajika kuyabadili mageuzi. Kiti kimoja kilitosha.

Ivanov alijiuzulu siku ileile.

Nakumbuka ofisini kwetu wakili mkubwa aliingia na simu mkononi, akatutajia zile namba, na kijana mmoja akasema, lakini si muswada umepita, si ameshapata asilimia 90 ya alichotaka? Mzee hakumjibu. Alichukua karatasi akaandika 5 na 6, akaiweka mbele yake. Mimi niliiokota baadaye, ninayo mpaka leo.

Angekuwa hajui mstari wake mapema, angekaa. Angejiambia kwamba akibaki ndani atarekebisha kidogo kidogo. Uwaziri una gari, una walinzi, una watu wanaokuitikia kabla hujamaliza sentensi, na kila siku unayokaa baada ya mstari wako kufutwa, sababu za kukaa huongezeka. Ndiyo maana nasema uandikwe kabla. Ukiusubiri uje wenyewe siku ya dhoruba, hautakuja.

Na mimi nilifundishwa kusoma idadi kwa njia ya aibu, bora niwaambie ili msipitie huko. Katiba ya Bulgaria ya 12 Julai 1991 inatofautisha zaidi ya nusu ya wabunge waliohudhuria na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Bunge lina wabunge 240. Kikao halali kinahitaji zaidi ya nusu, yaani 121. Kwa hiyo sheria ya kawaida inaweza kupita kwa kura 61 wakati uamuzi mwingine unahitaji 121. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilitafsiri kifungu kwa mteja wa nje nikaandika tu "kwa kura za walio wengi". Nilidhani inatosha. Mteja alipanga mambo yake akiamini kura zilizokuwepo zinatosha, na hazikutosha. Wakili aliyenisimamia alinikalisha akanifungulia katiba, akanionyesha neno "wote" kwa ncha ya kalamu. Tangu siku hiyo, nikipokea muswada wowote naanza na namba na maneno madogo: wote, waliohudhuria, angalau, zaidi ya, na, au. Hotuba za kuusindikiza nazisoma mwisho. Na wewe ukiingia Bunge lolote, fanya kazi ya kusoma marekebisho ya dakika za mwisho iwe yako wakati wenzako wamekwenda kunywa kahawa. Wiki chache tu na utakuwa mtu anayetafutwa.

Kuondoka kwa heshima, hata hivyo, hakukupi kura. Hili naliona vijana wanalikosea sana. Ivanov alipojiuzulu alishangiliwa barabarani. Alipoanzisha chama mwezi Januari 2017, wakakiita Da, Bulgaria, maana yake Ndiyo Bulgaria, uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi michache tu, tarehe 26 Machi. Usajili wa chama mahakamani haukukamilika kwa wakati. Ikabidi waingie chini ya mwavuli wa muungano na vyama vidogo vilivyokwisha kusajiliwa. Fikirini: mawakili wazima, wamekwama kwenye usajili. Sheria ya vyama, muda wa mapingamizi, idadi ya wanachama waanzilishi, vyote hivyo ni vya kuvimaliza mwaka mmoja kabla, wakati hakuna anayekutazama.

Kizingiti cha kuingia Bungeni ni asilimia 4. Walipata chini kidogo ya 3. Kambi nyingine ya wanamageuzi wenzao ilipata 3 na kidogo, na ya tatu ikapata karibu 2 na nusu. Vikundi vitatu vya watu waliokuwa wakikubaliana karibu kila kitu, wakiwa na zaidi ya asilimia 8 kwa jumla, wote wakabaki nje. Juu ya lango la jengo la zamani la Bunge, palepale walipokuwa wakiandamana, pameandikwa maneno ambayo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: umoja ni nguvu. Nilipita pale asubuhi baada ya matokeo nikiwa naelekea kazini, nikayasoma tena kwa sauti ndogo.

Iliwachukua mwaka mwingine mzima kuunganisha vyama vitatu, chao, cha Kidemokrasia kinachoitwa DSB, na cha Kijani, mwezi Aprili 2018. Na Ivanov hakukanyaga Bungeni kama mbunge mpaka Aprili 2021. Hesabu kuanzia alipoacha uwaziri. Zaidi ya miaka mitano ya kukodi kumbi ndogo mikoani, kuzungumza na watu thelathini, kurudi Sofia usiku kwa barabara ya barafu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini nani alikwambia maji hayo yana kina gani? Kama huna njia ya kulipa kodi ya nyumba kwa miaka mitano bila cheo, jenga kwanza ofisi yako ya uwakili. Wakili mwenye wateja wake anaweza kusema hapana. Anayetegemea mshahara wa chama akisema hapana leo, kesho anaulizwa nani atamlisha.

Kuna siku moja nataka niwaeleze kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo darasani hatukufundishwa.

Karibu na mji wa Burgas, kwenye Bahari Nyeusi, kuna mahali panaitwa Rosenets. Hapo palikuwa na jumba la mapumziko la Ahmed Dogan, mwanasiasa mkongwe ambaye kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa chama chenye nguvu nchini. Watu wa kawaida walikuwa hawafiki kwenye ufukwe ule. Sasa, katiba yao, ibara ya 18, inasema ukanda wa ufukwe wa bahari ni mali ya dola peke yake. Haiwezi kuwa ya mtu. Kila mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza Sofia anaijua ibara hiyo. Tunaikariri pamoja na madini, barabara na misitu ya kitaifa.

Tarehe 7 Julai 2020 Ivanov na wenzake wawili walipanda boti ndogo ya mpira, wakaenda huko kwa njia ya bahari, huku simu ikirusha video moja kwa moja. Walichukua bendera ya taifa. Boti ikagusa miamba, Ivanov akashuka na bendera yake, na wanaume wenye miili mikubwa, wasiovaa sare, wakamfuata na kumsukuma arudi majini. Aliwauliza wao ni nani, kwa mamlaka gani. Hawakusema. Polisi walipofika, hawakuwaondoa wale walinzi.

Nilikuwa naangalia kwenye kompyuta ofisini, sote tumekusanyika nyuma ya kiti cha mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa anazungumza juu ya Baraza Kuu la Mahakama, wala uwiano wa viti, wala Strasbourg. Lakini mambo yale yote yalikuwa pale. Ibara inasema ufukwe ni wa wote, mwananchi amesimama juu yake na bendera, na mtu asiye na jina anamsukuma baharini bila dola kuingilia. Mama yule wa filimbi, ambaye miaka yote nilijaribu kumweleza kazi yangu akawa ananikatisha, alinipigia simu jioni akaniuliza ibara ya 18 inasemaje hasa. Nikamsomea neno kwa neno.

Siku iliyofuata Rais Rumen Radev alisema hadharani kwamba walinzi wale ni wa idara ya dola ya ulinzi wa viongozi, akataka ulinzi huo uondolewe. Tarehe 9 Julai waendesha mashtaka wakaingia kupekua ofisi za Urais. Jioni hiyo uwanja ukajaa, na maandamano yakaendelea kwa miezi, yakidai Waziri Mkuu Borisov na Mwendesha Mashtaka Mkuu waondoke.

Somo langu hapo ni dogo na la kikazi. Watu hawakosi akili ya kuelewa sheria. Tunawanyima kuigusa. Kila ibara unayoipenda ina mahali ambapo mtu anaweza kwenda na miguu yake akaona kama inafanya kazi: ufukwe, zahanati, kaunta ya masijala ya mahakama, shamba lililopimwa upya. Tafuta mahali hapo. Halafu nenda mwenyewe, uwe wewe unayesukumwa. Usimtume kijana wa chama.

Ofisini kwetu tulikuwa na mfano wa karibu zaidi. Dada mmoja, wakili, wakati huo ana miaka 27, aliingia kwenye orodha ya wagombea katika uchaguzi wa Aprili 2021. Simtaji jina, yeye ni mtu wa kazi zake. Aliwekwa chini kabisa ya orodha. Bulgaria ina majimbo 31 na kila chama kinatoa orodha. Mpiga kura anachagua chama, na akitaka anaweka alama pia kwenye namba ya mgombea mmoja. Mgombea wa chini akipata alama hizo kutoka kwa angalau asilimia 7 ya waliokipigia chama chake pale jimboni, anaruka juu. Namba zinaanzia 101, na zinaanzia hapo kwa sababu. Mwaka 2014, kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya, namba za wagombea zilianza na 1, na wengi waliokipigia chama chenye namba 15 waliweka alama ya pili kwenye 15 pia, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Mgombea wa nafasi ya 15 akapanda mpaka Brussels akimpita kiongozi wa chama chake. Mpangilio wa karatasi unaweza kuchagua mbunge. Isome sheria ya uchaguzi kama unavyosoma mkataba wa mteja tajiri.

Dada yetu alisimama wiki sita mlangoni mwa kituo cha treni ya chini ya ardhi huko Lyulin, mtaa wa maghorofa ya zege ya enzi za ukomunisti. Wiki ya kwanza alikuwa anaanza na uhuru wa mahakama. Watu wanapokea karatasi, wanapita. Wanachouliza ni bili ya kupasha joto nyumba, ambayo majira ya baridi inakula pensheni nzima. Bibi mmoja alisimama akamwambia kesi ya mwanawe ya ajali imekaa mahakamani miaka minne, imebadilishiwa majaji mara tatu, na hajui amlalamikie nani. Dada akamuuliza jina la mahakama, akaandika, akamweleza pale pale wima jinsi jaji anavyopangiwa kesi na nani anayepanga. Bibi akaita mwenzake aje asikilize. Kuanzia siku hiyo alianza mazungumzo yote na swali, wewe au mtu wako ana kesi? Karibu kila wa tatu alikuwa nayo.

Hakuchaguliwa. Jumatatu alirudi kazini saa tatu kasoro, akafungua faili la mgogoro wa mpaka wa kiwanja. Naomba mlione hilo kama jambo la kawaida kabisa. Siasa yao ilipiga uchaguzi wa Bunge mara saba kati ya Aprili 2021 na Oktoba 2024, mara tatu ndani ya 2021 peke yake. Muungano wa Ivanov ulipata viti 27, miezi mitatu baadaye 34, mwisho wa mwaka 16. Asiyekuwa na kazi ya kurudia alikatika njiani. Wapiga kura nao walichoka: waliojitokeza walishuka kutoka takriban nusu mpaka theluthi moja hivi mwezi Juni 2024. Hilo linaniuma kuliko matokeo ya chama chochote, maana wengine wao ndio wale wa filimbi.

Sehemu ngumu zaidi nimeiacha nyuma, nayo sitaipamba.

Mwaka 2023 kambi ya Ivanov, sasa ikiwa ndani ya muungano mkubwa zaidi wenye viti 64, ilikubaliana na chama cha Borisov waendeshe serikali. Ili kubadilisha katiba walihitaji pia kura za chama ambacho Peevski alikuwa na sauti kubwa ndani yake, Peevski yuleyule wa 2013, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo Juni 2021 kwa tuhuma za rushwa anazozikana. Bila kura hizo hesabu haikutimia. Bunge la kawaida linabadilisha katiba kwa robo tatu ya wabunge wote, yaani 180. Zikipungua hapo lakini zisipungue theluthi mbili, yaani 160, kuna njia ya pili ya kusubiri angalau miezi miwili na kupiga tena. Tarehe 20 Desemba 2023 zikapatikana 165. Baraza Kuu likagawanywa kuwa mabaraza mawili tofauti, madaraka ya Mwendesha Mashtaka Mkuu yakapunguzwa. Karibu yote aliyoyaacha mezani 2015.

Ofisini tuligawanyika. Dada yetu alisema huwezi kuondoa kufuli kwa kumwazima ufunguo aliyelifunga. Mzee alisema kura ni kura, katiba haiulizi mkono ulioinuliwa ulikuwa wa nani. Mimi, nikiwa nimesoma rasimu zote, nilikuwa na hofu nyingine: haraka. Maandishi yalibadilika kati ya hatua na hatua. Na kulikuwa na swali la zamani tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2003: mabadiliko gani Bunge la kawaida linaweza kuyafanya, na yapi lazima yaende kwenye Bunge Kuu la watu 400 linaloitishwa kwa ajili hiyo tu? Wakili anayejua swali kama hilo lipo, hawezi kwenda mbele akitumaini litasahaulika.

Halikusahaulika. Baada ya uchaguzi wa Juni 2024, muungano uliposhuka mpaka viti 39, Ivanov alijiuzulu uongozi na kuuacha ubunge. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Julai, Mahakama ya Katiba ikafuta kiini cha sehemu ya mahakama katika mabadiliko yale. Niliipokea hukumu saa sita mchana, nikaitafsiri mpaka usiku. Wengine hapa wanamlaumu kwamba mara ya pili hakuwa na mstari. Mimi naona alikuwa nao, ila aliuweka kwenye matokeo, na njia ya kuyafikia akaiacha bila mstari wowote: nani aandike, kwa muda gani, nani asome kabla ya kura, na swali la 2003 lijibiweje kwa maandishi. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona kosa lililonihuzunisha zaidi, kwa sababu lilifanywa na mtu aliyejua.

Dada yetu sasa ana miaka thelathini na kitu, na ameombwa tena aingie kwenye orodha, safari hii juu zaidi. Hajajibu. Wiki iliyopita nilimkuta amebaki ofisini baada ya saa za kazi, taa moja imewaka, ana karatasi mbele yake yenye mistari mitatu kwa mkono. Wa kwanza ni ibara. Wa pili ni idadi ya siku ambazo muswada lazima uwe hadharani kabla hajaupigia kura. Wa tatu alikuwa ameukata mara mbili na kuuandika upya, na aliponiona akaniuliza kama kwa Kiswahili tunatofautisha "wote" na "waliohudhuria".